Hesabu Niliyompa Binti Yangu Kutoka Matema

Mimi niliishia darasa la tano. Nalisema mapema kwa sababu hapa Tukuyu watu wanalisema nyuma yangu, basi bora walisikie kwa mwenyewe. Darasa la tano, kisha shamba la ndizi la mama yangu kule Suma, kisha mkungu mmoja begani hadi barabarani, kisha baiskeli, kisha lori la kukodi, kisha lori langu. Leo mikungu yangu inaliwa Dar es Salaam na watu wasiojua hata Rungwe iko upande gani. Nyumba yangu ya Msasani, hii ya hapahapa Tukuyu, ina marumaru mpaka barazani, na mvua ya kwetu, ambayo haimheshimu mtu, haijawahi kuingia ndani hata tone. Sikubebwa na mtu. Hilo nalo nalisema mapema.

Lakini jambo ninaloliandika hapa sikulitengeneza mimi. Mimi nusura niliharibu.

Binti yangu wa mwisho anasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa pili. Mwezi wa tatu alikuja nyumbani kwa mapumziko ya mwezi mmoja, akanikuta barazani nakunywa chai, akachuchumaa kunisalimia kama alivyofunzwa na mama yake, halafu hakuinuka. Nikajua kuna ombi.

"Baba, kuna kituo cha utafiti Ulaya. Kila likizo ndefu wanachukua wanafunzi kama mimi, ambao hata shahada ya kwanza hatujamaliza. Wiki nane unafanya utafiti pamoja na wanasayansi wenyewe. Wanaomba watu wa dunia nzima na nafasi ni chache sana."

"Omba."

"Wanataka uambatanishe kazi yako mwenyewe. Hata ndogo, lakini uwe umeifanya wewe."

"Unahitaji nini?"

"Simu zako mbili."

Nina simu mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya biashara na moja ya heshima. Watu walicheka niliponunua mbili kwa mpigo. Sasa mwanangu ananiambia kwamba katika Wilaya ya Rungwe yote hajaona mtu mwingine mwenye simu mbili za aina moja, na kwamba utafiti wake unataka hivyo hivyo. Nilimwita jirani yangu, mwalimu mstaafu, aje asikie mwenyewe.

"Mzee wa darasa la tano," akasema yule mwalimu, "kumbe sasa unapima nyota?"

"Napima. Wewe uliyesoma ulipima nini?"

Binti alizichukua simu, akaziba macho ya kamera kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, tabaka tatu, hata jua lisipenye. Akaweka humo programu inayopiga picha giza hilo mfululizo na kuhifadhi tu zile picha zenye mwanga. Nikamuuliza mwanga utatoka wapi kwenye kamera iliyozibwa. Akaniambia nifungue kiganja.

"Kila moyo wako unapopiga, baba, kuna kitu kimoja hivi kinapita kwenye hicho kiganja. Kinatoka juu. Kimepita kwenye bati, kwenye dari, sasa kimepita kwako, kinaendelea chini kwenye marumaru yako."

Niliangalia kiganja changu. Kimebeba mikungu miaka thelathini, nakijua.

"Nani anakituma?"

"Nyota zilizolipuka. Chembe moja inatoka huko, inasafiri kabla hata hakujawa na mtu wa kuitwa Mnyakyusa, inagonga hewa huko juu sana, inavunjika. Hizi zinazotufikia ni wajukuu wake. Zinaitwa muoni. Na zilitakiwa ziwe zimekufa kabla ya kufika. Maisha yao ni mafupi hata kusema haifai. Lakini zinakimbia karibu sawa na mwanga, na kitu kinachokimbia hivyo saa yake inakwenda polepole. Ndiyo maana zinatuwahi."

"Saa yake inakwenda polepole?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekimbiza lori miaka yote hii, saa yangu haijanihurumia hata siku moja."

Akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimeshika chai imepoa. Jioni ile aliwasha kioo cha simu, akanionyesha picha nyeusi tupu, na katikati yake alama moja nyeupe, ndogo, kama punje ya chumvi iliyodondoka kwenye kaniki. "Ndiyo hiyo," akasema. Nimeona lami ikifika Tukuyu, nimeona umeme, nimeona mengi. Mbele ya ile punje sikuwa na la kusema, na mama yake akatoka jikoni kuja kuangalia kama naumwa, maana alizoea kunisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyingi katika hizo chembe zinafia njiani, kwa hiyo ukipanda juu utazipata nyingi, ukishuka utazipata chache. Alitaka kulionyesha hilo kwa ardhi yetu wenyewe: miguuni pa msitu wa Mlima Rungwe, hapa nyumbani Msasani, na chini kabisa Matema, kwenye ufukwe wa ziwa. Kwanza alizilaza simu zote mbili mezani kwetu siku nne, kuhakikisha zinaona sawasawa. Zikaona sawasawa. Ikabaki mlimani na ziwani, na alitaka pote papimwe siku zilezile tano ili hali ya hewa isije ikamdanganya. Yeye angekwenda mlimani kwa mjomba wake. Mimi nilikuwa nashuka Kyela kununua mchele.

"Nipe simu moja," nikasema. "Matema niachie mimi."

Alinipa masharti kama nesi anayempa mtu dawa. Simu ilale chali kwenye sanduku la mbao, gunia bichi juu yake, maana joto nalo huleta vinukta vya uongo. Vinukta vinavyojirudia mahali palepale nisivihesabu, hivyo ni joto. Nihesabu tu alama mpya. Iwashwe saa moja asubuhi, saa kumi na mbili jioni nihesabu, nimpigie nimwambie namba. Na kwa kuwa simu zangu zilikuwa zimejaa picha za lori, kumbukumbu ilikuwa ndogo. Nikishahesabu nifute, kesho ipate nafasi.

Nilifanya yote. Nilishinda kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mcheshi, nikimwacha mtu wangu akusanye mchele, mimi namwagilia gunia. Jioni ya kwanza nikahesabu. Kumi. Nikahesabu tena. Kumi.

Hapa inabidi nieleze namna yetu ya kuhesabu. Sisi wa ndizi, ukimhesabia mtu mikungu kavukavu umemtukana. Tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, na ya juu. Hiyo ya juu haitajwi katika hesabu, inarushwa tu, na mnunuzi anajua anashughulika na mtu mwenye moyo. Wenzangu wengi hutoa ya juu kila mikungu kumi. Mimi hutoa kila mitano. Ndivyo nilivyojenga jina. Mkono wangu umezoea hata nikihesabu watoto kanisani.

Sasa mwanangu wa mwisho, aliyeko mlimani kwenye baridi, anangojea namba. Nimpe kumi kavu?

"Kumi na mbili," nikamwambia kwenye simu.

"Ndaga, baba. Asante sana."

Kesho yake nilipata tisa, nikampa kumi. Kisha kumi na moja, nikampa kumi na tatu. Siku zote tano. Naapa sikuona kama nadanganya. Nilijiona baba.

Tulirudi wote wawili nyumbani. Akakaa na kompyuta yake siku mbili, akaandika kazi yake, akaituma. Baada ya hapo akaanza kupungua. Chakula anakigusa tu. Mama yake alimuuliza, akajibu kwamba ziwa linamsumbua: mlimani chembe zilikuwa nyingi kama alivyotarajia, lakini Matema zilikuwa sawa na hapa nyumbani, wakati zilitakiwa ziwe chache.

Nilikuwa mlangoni. Nikaikumbuka ile ya juu niliyompa kila jioni.

"Si ungepunguza kidogo kabla hujatuma?" nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango kama umefungwa.

Akaniangalia kwa mshangao, bila hasira. "Baba, zile namba si zangu. Nimeziandika zilivyo. Nimeandika kwamba sielewi kwa nini."

"Lakini zinakuharibia."

"Zinaniharibia, ndiyo."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi la lori. Maisha yangu yote nimekaa na watu, wanunuzi, madereva, viongozi, wazee wa kanisa. Sijawahi kuona mtu ameshika namba inayomuumiza, ana uwezo wa kuisogeza kidogo bila mtu kujua, asiisogeze. Na mtu huyo amekulia nyumbani kwangu. Nilipaswa kumwambia palepale. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba Wazungu wana mambo mengi, hawatatazama ziwa letu.

Wakatazama. Baada ya siku chache barua pepe ikaja: amefika kwenye usaili, watamuuliza maswali kwa njia ya mtandao siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri. Na walitaja jambo moja la kujiandaa nalo. Namba za Matema.

Aliruka, akamkumbatia mama yake, halafu akafungua kompyuta. Siku zote zilizofuata alisoma juu ya miamba ya Milima ya Livingstone iliyo nyuma ya ufukwe, akijiuliza kama mawe yenyewe yanatoa kitu kinachoonekana kwenye kamera. Alimweleza mwalimu mstaafu, na mwalimu akatikisa kichwa kwa heshima, akaniambia pembeni, "Huyu mtoto hakuchukua akili kwako." Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilinyamaza, akashangaa mwenyewe.

Alhamisi asubuhi tulikuwa bandani tunapakia ndizi. Kijana wangu wa kupakia alikuwa anahesabu kwa sauti, kama nilivyomfundisha mwenyewe: "...nne, tano, na ya juu! Moja, mbili..." Binti yangu alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama akitabasamu, akamsikiliza. Nikaona nikikaa dakika moja zaidi atalipata jibu mwenyewe, na atalipata peke yake, nami nimesimama hapo.

"Mama," nikamwita, maana ndivyo ninavyomwita, "njoo ukae."

"Baba nina usaili."

"Kaa."

Akakaa juu ya mikungu. Nikamwambia. Nilidhani nitaongea kwa kuzunguka, lakini yalitoka mafupi.

"Siku zote tano?" akauliza.

"Zote."

"Uliongeza ngapi?"

"Kila tano, moja ya juu. Ndivyo ninavyohesabu."

"Kwa hiyo uliona kumi, ukaniambia kumi na mbili."

"Naam."

Aliziba uso kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Alipotoa mikono nikaona ni yote mawili. "Baba. Nimesoma siku nane juu ya mawe ya Livingstone."

"Basi zipunguze! Namba nakupa sasa hivi, nazikumbuka zote. Kumi, tisa, kumi na moja..."

"Siwezi kuzitumia."

"Hizi ndizo za kweli!"

"Labda. Lakini picha ulishafuta. Nikizitumia, nitakuwa nimepima kumbukumbu yako. Sijapima anga." Alifuta macho kwa upande wa kitenge. "Nitawaambia ilivyokuwa."

"Utawaambia baba yako ni mwongo? Watu wa dunia nzima?"

Akachukua ndoo akaenda.

Saa tisa alijifungia sebuleni na kompyuta. Mimi nilikaa barazani, mvua inanyesha, mlima umefichwa na ukungu wote. Kiingereza changu ni cha kuuliza bei tu, kwa hiyo nilisikiliza sauti. Kwanza sauti za wageni, moja ya mwanamke. Kisha yake. Ilianza chini, ikapanda, ikanyooka. Nikasikia "Matema" mara ya kwanza. Nikasikia "Matema" tena. Halafu wakacheka kule ndani ya kompyuta, watu zaidi ya mmoja, na mimi nikahisi masikio yangu yanawaka. Lakini yeye hakucheka, aliendelea kusema, na wale wakanyamaza wakamsikiliza. Aliongea muda mrefu. Sikuelewa hata neno, na nilielewa kwamba hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kusikilizwa namna ile, na mimi mwenyewe nikiwemo, pamoja na lori langu.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho kwenye baridi ile.

"Wamesemaje?"

"Wameniuliza ningejuaje, kama usingeniambia. Nikasema nisingejua, na hilo ndilo kosa langu: nilimpa mtu mmoja ahesabu halafu afute. Wakaniuliza ningefanyaje nikirudia."

"Na mimi? Umewaambia mimi ni nani?"

"Nimewaambia baba yangu ni mfanyabiashara wa ndizi, na ni mkarimu sana."

Mama yake akageuza uso ukutani. Najua alikuwa anacheka.

"Wamenipa siku kumi," binti akaendelea. "Nirudie Matema, niwatumie picha zote. Wataamua wakiziona."

"Tunashuka kesho."

"Mimi chuo kinafunguliwa Jumatatu. Utashuka wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mimi?"

"Wewe unaijua kazi. Lakini safari hii nimetoa picha za lori zote, nimeweka na kadi ya kumbukumbu. Hufuti hata moja. Jioni unanitumia namba yako, picha zikifika mwalimu atazihesabu peke yake bila kuambiwa umepata ngapi, na mimi vilevile."

Hapo nilikasirika kidogo, niseme kweli. Mtu mzima kama mimi, kuhesabiwa nyuma na mwalimu! Nikamwuliza kama ananiona mwizi.

"Hata wale wenyewe wanahesabiana hivyo, baba. Hata mkubwa wao. Hakuna anayeachwa aamini jicho lake mwenyewe."

Nilikaa na jambo hilo njia nzima ya kushuka Kyela, breki zikinuka kwenye kona. Watu waliosoma kupita wote duniani, na wamekubaliana kwamba kila mmoja wao anaweza kuwa amekosea.

Matema nililaza simu kwenye sanduku lilelile, gunia likiwa bichi. Nilihakikisha halikauki, hata chakula nilikula nimechuchumaa pembeni. Jioni nikafungua. Nikahesabu mara tatu, polepole, kidole kimoja. Nane.

Yule mama wa nyumba ya wageni alikuwa anachungulia begani kwangu. "Ngapi leo, mzee wa nyota?"

"Nane."

"Nane tu? Mtoto wa watu anasubiri huko, unamtumia nane? Kwani umefilisika?"

"Nane, mama."

"Wanaume mkizeeka mnakuwa wachoyo."

Niliandika nane kwenye ujumbe. Kidole kilikaa juu ya kioo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kuibonyeza ile namba ikiwa uchi vile kulinichoma. Nikabonyeza. Zile nane zilikuwa zimetoka huko alikosema, zimepita kwenye bati la yule mama na gunia langu bichi, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu kuigawa. Kesho yake zilikuja kumi na moja, na sikuzifurahia zaidi ya zile nane. Nilizitazama tu.

Mwalimu akahesabu, binti akahesabu, mimi nikawa nimekosa moja katika siku zote tano, alama hafifu pembeni ya kioo. Mwalimu ananikumbusha hiyo moja mpaka leo. Ziwa likashuka chini ya Msasani, mahali pake.

Jibu lilikuja mwezi wa tano. Alinipigia kutoka chuoni nikiwa kwenye mzani wa barabarani, foleni ya malori nyuma yangu inapiga honi. "Wamenichukua," akasema, halafu akasema tena taratibu kana kwamba anajiambia mwenyewe. Nilizima injini. Watu walinitukana, wakanipita kulia na kushoto, na mimi, ambaye nikinunua hata betri mpya Tukuyu nzima inajua, nilishindwa kutoa sauti.

"Baba, upo?"

"Nipo. Utafanya kazi gani huko?"

Akaniambia. Kule wana mashine chini ya ardhi, inayogonganisha chembe mara nyingi sana kwa kila sekunde, hata ulimwengu mzima hauna mahali pa kuweka picha zake. Kwa hiyo karibu zote zinatupwa palepale, kabla mtu hajaziona, na zinabaki chache zinazoonekana kuwa na jambo.

"Wanatupa?"

"Karibu zote. Mashine ndiyo inayochagua, haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Mimi wamenipanga na kikundi kinachochunguza kama haitupi kitu ambacho hatujawahi kukiona."

"Sasa kitu ambacho hamjawahi kukiona, mtakijuaje kimetupwa?"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Hilo ndilo swali lenyewe, baba. Hilo hasa ndilo wanaloniitia."

Honi zilikuwa zimeisha. Foleni yote ilikuwa imenipita, barabara nyeupe mbele yangu, nami sijui nilikaa pale muda gani.